Kimlango cha Paka na Bi Somoe Aliyeacha Kunitukana

Jumapili, Nachingwea. Ukungu wa asubuhi uligoma kuondoka mpaka watu walipotoka kanisani. Kisha jua likajitokeza taratibu, kwa aibu, kama mimi.

Leo sijisikii vizuri, na siumwi. Nimekula, presha iko mahali pake, mke wangu hajaninunia. Kinachonisumbua ni kitu ambacho huwezi kwenda nacho famasi ukaonyeshwa kidonge chake. Nimemkosea jirani yangu, na kosa lenyewe limeanzia kwa paka.

Ndiyo, paka. Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Anaitwa Ufuta. Ni jike, bado kitoto, mweupe mwenye madoa ya kijivu. Akilala juu ya mkeka utadhani mtu amemwaga ufuta akasahau kuuzoa. Nilipewa na Bi Somoe, jirani yetu wa nyuma, ambaye paka wake alizalia ndani ya kapu la kuokotea korosho.

Bi Somoe ni Myao, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Mimi ni Mmakonde wa Newala niliyekuja Nachingwea kutafuta maisha, nikaoa, nikafungua kiduka cha kutoa kopi na kupiga picha za paspoti, nikaota kitambi, nikasahau kurudi kwetu. Kwa hiyo mimi na yeye ni watani, na utani wetu si wa kinyonge. Kwa miaka yote tuliyotenganishwa na uzio wa mianzi hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni "mtumwa wangu" asubuhi, "kinyago" mchana, na jioni akiwa na haraka ni "we kitambi." Siku aliponiletea paka alisimama barazani kwetu mbele ya wageni, akatangaza:

"Mtumwa wangu, huyu mtoto namleta kufa njaa, najua. Nyumba ya Mmakonde, panya atatoka wapi? Si wote mmeshakaanga?"

Nikamwambia afadhali sisi tunaokaanga panya, kuliko Wayao ambao ngoma ikilia Masasi wanaacha ugali unaungua jikoni. Alicheka mpaka akashika nguzo. Wageni wakashika mbavu. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi.

Tulivyokuwa.

Sasa habari ya kimlango. Ufuta alipofikia umri wa kutoka nje alianza kulia kwenye mlango wa uani. Akiwa ndani analilia nje, akiwa nje analilia ndani. Mama Neema, mke wangu, akasema yeye hakuolewa kuja kuwa mlinzi wa geti la paka. Tukiuacha mlango wazi kuku wanaingia jikoni, na siku moja aliingia mbuzi. Ndipo binti yetu Neema, anayesoma Dodoma, akanitumia video kwenye simu: paka mnene wa Ulaya anasukuma kimlango kidogo kilichokatwa chini ya mlango mkubwa, anapita, kinajifunga nyuma yake. Anaingia na kutoka kama mpangaji mwenye ufunguo wake. Niliitazama ile video mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. "Mlango wa paka?" kijana akaniuliza kwa heshima zote. "Wa kitasa au wa komeo, mzee?" Wateja wawili waliokuwa wanasubiri saruji wakageukia ukutani mabega yakiwatikisika. Wiki hiyohiyo tulikwenda Mandawa kumwona mama mkwe, nikateremka Ruangwa mjini kujaribu bahati yangu huko. Dada wa dukani hakunicheka. Aliita tu kwa ndani: "Bosi, kuna baba huku anataka kumjengea paka!" Nikanunua bawaba ambazo sikuzihitaji, ili nipate sababu ya kuondoka nikiwa mtu mzima.

Nikaamua kujitengenezea.

Kipande cha mbao nilikiona kizito, kingembana mkia. Tyubu ya pikipiki ikishapinda haijinyooshi, inabaki imeachama. Plastiki ya ndoo ina makali. Nilikuwa nimekaa stoo nikiwaza nilipouona mfuko wa salfa.

Kwa ninyi msio wa huku kwetu: salfa ni ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho msimu huu wa baridi, ili maua yasipigwe na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoyakausha. Mifuko yake hakuna anayeitupa. Ni pazia la bafu, ni mfuniko wa kuni, ni kiti cha mama anayeuza nyanya. Ukiwa na mfuko wa salfa hakuna anayekuuliza wa nini. Nikaukata, nikaukunja, nikaushona pembeni kwa uzi wa nailoni, kwa mkono wangu. Ulikuwa na uzito wa kurudi chini wenyewe, na wepesi wa kusukumwa na pua ya kitoto cha paka. Nikaukung'uta, nikaumwagia maji. Maji yakateleza juu yake kama juu ya jani la gimbi. Nikasema basi, ni msafi.

Nilijipongeza sana jioni ile. Nakumbuka vizuri, kwa kuwa sasa naona aibu.

Ufuta alikitazama kimlango kama unavyoitazama karatasi ya kodi. Nikamwonyesha kwa dagaa, akala dagaa. Nikamsukuma kidogo, akanikwaruza. Mwisho nikalala kifudifudi sakafuni, nikasukuma kwa kichwa changu, kikapita chote mpaka shingoni. Mke wangu alikuwa anatoka bombani na ndoo yake, akakuta kichwa cha mumewe kimechomoza chini ya mlango.

"Baba Neema," akasema bila kutua ndoo, "unatoka au unaingia?"

Lakini mwanafunzi alielewa. Siku iliyofuata alitoka mwenyewe, akakaa kwenye ngazi, masikio mbele. Jani likaanguka, akarudi ndani mbio. Akatoka tena. Tetea mwenye vifaranga akamfukuza mpaka kwenye karo, akarudi ndani mbio. Akatoka tena, safari hii akafika kwenye uzio, chini ya matawi ya mikorosho ya Bi Somoe, akainua uso kunusa dunia. Nilisimama dirishani kama mzazi siku ya kwanza ya chekechea.

Wiki haikuisha, macho yakaanza.

Mekundu, yanatoka maji. Anapiga chafya, anajifuta kwa mkono kama mtu aliyekatakata vitunguu. Asubuhi moja jicho la kushoto likawa limegandana kabisa. Hata mimi macho yalikuwa yakiniwasha. Na siku zile Bi Somoe alikuwa amewaleta vijana kupuliza mikorosho yake: alfajiri mashine inanguruma, wingu la njano linapanda juu ya uzio, linatanda. Sikuhitaji kufikiri. Kila kitu kilinyoosha kidole kwenye uzio ule.

Nilimkuta barazani kwake na ndugu zake wawili wa kike, wanachambua choroko kwenye ungo.

"Bi Somoe," nikasema, "salfa yako inampofusha paka."

"Hapofuki," akajibu bila kuinua kichwa. "Anafumba makusudi. Hataki kuiona sura ya anayemlisha."

Wale ndugu zake wakaangua kicheko. Siku nyingine yoyote ningecheka nao, nikawarudishia moja ya kuwalaza. Siku ile nilikuwa nimetoka kulibandua lile jicho kwa pamba na maji ya moto.

"Sitaki utani," nikasema. "Nakwenda kwa mtendaji."

Mliokulia huku mnajua nilichofanya pale. Mtani unaweza kumchukulia kuku wake bandani, unaweza kumzuilia jeneza njiani mpaka atoe kitu, unaweza kumwambia maneno ambayo mtu mwingine angekupeleka nayo mahakamani. Lakini kumwambia hutaki utani, mbele ya ndugu zake, halafu ukamtajia serikali!

Mikono ikasimama juu ya ungo. Bi Somoe akanitazama kwa muda, kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yangu. Kisha akasema, kwa upole kabisa:

"Samahani, Baba Neema. Sikujua. Nitaangalia."

Baba Neema. Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilirudi nyumbani nimetanua kifua.

Bwana mifugo alikuja, akampa Ufuta dawa ya kupaka machoni, akasema tumsafishe kwa maji ya uvuguvugu na asitoke nje mpaka apone. Nikagongomelea ubao kwenye kimlango. Akapona. Na ule upande wa pili wa uzio nikagundua kwamba mashine ikinguruma inaishia katikati ya shamba. Bi Somoe alikuwa amewaambia vijana wake wasiupulize mstari wa mikorosho ulio kwetu.

Nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia mke wangu, "Unaona? Mtu ukisimamia haki yako." Mke wangu aliendelea kumenya muhogo.

Tangu hapo Bi Somoe akiniona anasalimia. "Habari za asubuhi, Baba Neema? Familia haijambo? Kazi inaendeleaje?" Ananisalimia kama afisa aliyeletwa kutoka mkoani. Nami najibu salama, salama kabisa, nageuka kwenda dukani kabla hajaniuliza jingine.

Wiki hii nikauondoa ubao. Hakuna mashine iliyonguruma karibu yetu, hakuna wingu la njano, nikasema sasa mtoto aende akacheze. Ijumaa macho yakawa mekundu tena.

Leo tulipotoka misani nilikaa kwenye kigoda jikoni nikisubiri chai. Jua lilikuwa ndiyo limepenya, linaingia dirishani na kuupiga mlango wa uani kwa ubavu. Ufuta akaja mbio kutoka nje, kama anakimbizwa, na hakuna anayemkimbiza. Kimlango kikanyanyuka, akapita, kikashuka: pwaa.

Nikaliona.

Vumbi la njano, dogo tu, kama mtu amepuliza ncha ya kidole. Lilielea kwenye ule mwanga taratibu, likamtua Ufuta kichwani na mgongoni. Akakaa chini, akalamba mkono, akajipangusa nao macho.

Nikainuka, nikakigonga kimlango kwa kidole. Pwaa. Likatoka tena. Nikakifunua, nikanusa kwenye mikunjo niliyoishona vizuri kwa uzi wa nailoni. Harufu ya kiberiti. Kila alipotoka alijipaka, kila alipoingia alijipaka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekisukuma kwa uso wangu mzima nikimfundisha namna.

Mama Neema alikuja na chai akanikuta nimechuchumaa na kile kimlango mkononi, nimekibandua. Nikamweleza. Hakucheka. Mke wangu asiponicheka, jueni hali ni mbaya.

"Na mikorosho ya watu?" akauliza.

Nikatoka mpaka kwenye uzio. Mikorosho ya katikati ya shamba imevaa maua, nyuki wanavuma. Ule mstari wa kwetu maua yamefunikwa na unga mweupe kama majivu, na kwenye matawi ya chini yameshakuwa meusi, yamejikunja kama njiti zilizowashwa. Ubwiriunga haukusubiri nitambue nilichofanya. Mwanamke aliacha kuilinda mikorosho yake kwa ajili ya paka wangu, na paka wangu nilikuwa namtia sumu mwenyewe.

Nilikwenda. Sikubadilisha hata shati la kanisani. Nilikwenda na kile kimlango mkononi.

Alikuwa peke yake, anatwanga. Aliponiona akaacha mchi, akavuta kiti, akakifuta kwa pindo la kanga yake. Nyumba ile miaka yote nimeambiwa, "Kaa hapo kwenye kigogo, viti ni vya watu." Leo nimefutiwa kiti. Nikakaa kwa nusu ya tako.

Nikasema yote. Salfa ilikuwa yangu, si yake. Kimlango nilishona mimi. Nilimtishia bure, nikamwaibisha mbele ya ndugu zake bure, na maua yamekauka bure. Nikamwonyesha ule mfuko, nikaugonga, vumbi likatoka.

Halafu nikamwachia nafasi. Hebu fikiria: Mmakonde anamtilia paka wake sumu kwa mlango wa kujishonea, halafu anakwenda kumshitaki jirani! Bi Somoe ninayemfahamu mimi angeila habari hiyo mpaka Krismasi. Angeipeleka msibani. Angemwita mtu anayepita na baiskeli asimame aje aone. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kabisa kama anayesubiri kunyolewa.

Akauchukua ule mfuko, akaunusa, akanirudishia.

"Ni bahati mbaya, Baba Neema," akasema. "Nimekusamehe. Mnyama apone tu."

"Na mikorosho, Bi Somoe?"

"Miti hiyo. Usijali."

Akaniletea chai kwenye kikombe chenye kisahani. Nikainywa. Ilikuwa na sukari ya kutosha na sikuisikia.

Nimesamehewa. Nimerudi nyumbani kama mtu aliyefukuzwa kwa fimbo.

Kwa sababu mtani huwa hakusamehe. Atakusamehe nini? Atacheka, atakutukana, atakuchukulia jogoo wako mbele ya macho yako, yamekwisha. Wanaosamehewa ni watu baki. Leo Bi Somoe ameniweka upande wa watu baki, kwa adabu, kwa kikombe na kisahani, na sina pa kwenda kulalamika.

Naandika haya jua linazama. Ufuta tumemwogesha, amenikwaruza mikono yote miwili na sijamlaumu. Kimlango kipya ameshakikata Mama Neema kutoka kwenye suruali yangu ya zamani ya jinzi. Anasema hiyo angalau anajua imefuliwa, na kwamba kwa upana wake wangeweza kupita hata paka watatu sambamba.

Nimekuwa nikijiuliza tangu saa ile: mtu anaombaje kutukanwa? Ukiomba msamaha unapewa msamaha. Ukiomba tusi unaonekana umechanganyikiwa.

Nimempigia simu shemeji yangu wa Chiola. Ameniletea mashine yake ya kupulizia kwa bodaboda, pamoja na salfa na barakoa. Kesho alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo haujaamka, nitaingia shambani kwa Bi Somoe bila hodi na kuupuliza ule mstari wa kwetu. Ufuta atafungiwa chumbani, dirisha limefungwa. Maua yaliyokauka yamekauka, siwezi kuyarudisha, na hilo litabaki kuwa deni langu hata akicheka. Lakini vijitawi vipya bado vinachanua, hivyo vinaweza kupona.

Sijawahi kubeba mashine ile maishani mwangu. Nimeijaribu uani jioni hii: mikanda yake haikutani juu ya kitambi. Nilipoiwasha ilinizungusha, nikawapulizia hewa kuku wote wakapanda juu ya banda. Mama Neema amekaa kwenye ngazi akicheka mpaka anafuta machozi kwa kitenge, na hajakubali kunifundisha.

Kwa hiyo kesho nitakosea, hilo nina hakika nalo. Nitaelekeza bomba kusikotakiwa, nitajipuliza mwenyewe, nitakuwa wa njano kuanzia upara mpaka ndala. Mashine itanguruma, Bi Somoe atatoka na kanga yake kichwani kuja kuona nani yuko shambani kwake.

Akisema, "Asante sana, Baba Neema," sijui nitafanya nini. Labda nitahama.

Ila namjua. Kuna mambo Myao anaweza kuyameza akiwa amekasirika, na kuna mengine yatamkaba kooni. Kesho kabla ya jua naenda kulitafuta tusi langu.